Namba Yangu, Miguu ya Saumu

Jumapili, 4 Mei
Kinyerezi hadi Pugu na kurudi. Matope, malori ya mchanga yanatupita karibu. Mbele ya mistari miwili ni mie, filimbi shingoni, naanzisha wimbo na klabu nzima inaitikia. Hiyo nafasi sikupewa na mtu. Mguu wa kulia unauma kwa juu, nyuma ya vidole. Viatu vipya, nadhani. Saumu alikuwa ubavuni kwangu njia nzima, hata hahemi. Januari nilimfundisha mwenyewe, mpaka kufunga kamba za raba. Alikuwa anachoka kabla ya kufika kituo cha mafuta. Leo ananiuliza, "Dada Vero, tuongeze?"
Nikaongeza. Ujinga.

Jumatano, 7 Mei
Hesabu haijabadilika. Dakika saba kila kilomita, arobaini na mbili nazimaliza kwa saa nne na dakika hamsini na nne. Nilianza kwa kuuzia mafundi ujenzi chapati huku huku Kinyerezi. Sasa hao hao wananunua saruji dukani kwangu. Sijawahi kupata kitu kwa kubahatisha. Marathoni ya tarehe 22 Juni nayo hivyo hivyo.
Mguu umevimba kidogo.

Jumanne, 13 Mei
Nimekwenda kwa mama mkandaji, Gongo la Mboto. Klabu yote inakwenda kwake. Maji ya moto, chumvi, vidole gumba kama koleo. Kasema ni mshipa umepanda, kwa siku nne atakuwa ameushusha. Nililia kama mtoto. Saumu alinishika mkono mpaka mwisho. Kisha akaenda kukimbia.

Ijumaa, 16 Mei
Siku ya nne ya kukandwa. Mguu hauingii hata kwenye kandambili.

Jumatatu, 19 Mei
Nimepigwa picha. Mfupa wa mguu, ule unaoelekea kidole cha tatu, una ufa. Daktari ni kijana, kaniamkia shikamoo halafu kanigombeza. Nani kakanda mfupa uliopasuka? Ulikuwa ufa mwembamba, tumeupanua wenyewe kwa maji ya moto na kiburi. Kanifunga plasta ngumu, P.O.P., hadi chini ya goti. Wiki sita. Nikahesabu pale pale kwenye benchi. Inatolewa tarehe 30 Juni. Mbio ni tarehe 22.
Kana kwamba ingetolewa tarehe 21 ningekimbia.

Jumapili, 25 Mei
Wamenipakia kwenye bajaji ya maji. Mie, magongo yangu na katoni za chupa. Kepteni Mussa kampa Saumu filimbi. Sauti hana. Anaanzisha wimbo juu mno, wanaume wanashindwa kuitikia, wanacheka, na wanampenda kwa hilo. Mie nilipokosea wimbo mara moja walinisema mwezi mzima.
Njia nzima nimeangalia visigino vyake. Vinagusa chini kidogo tu vinaondoka, kama vya mtu anayewahi kwao. Namwonea wivu. Tena si ule wivu wa maendeleo. Ni wivu wa kutaka ajikwae.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda. Nimewaambia nina wageni. Sina wageni.
Saumu kapita saa tano na uji wa ulezi, jasho halijakauka. Kakimbia kilomita thelathini na mbili. Hakusema, nilimuuliza mwenyewe, sijui kwa nini. Kafua mashuka yangu bila kuombwa, kayaanika, kaenda zake. Angekuwa na roho mbaya ingenirahisishia.

Jumanne, 17 Juni
Mussa kaleta namba za klabu. Yangu imeandikwa VERONIKA kwa herufi kubwa, chini ya tarakimu. Akanipa, hakuondoka. Kaanzia mbali, bei ya mabati, mvua za mwaka huu, kisha akafika:
"Mama, hii itakaa bure. Usajili umefungwa na mwenzio hana nafasi. Mpe mdogo wako."
Saumu si mdogo wangu. Ni fundi cherehani wa fremu iliyopakana na duka langu. Nikasema nitafikiria. Nimeiweka chini ya godoro, kama nimeiiba.

Ijumaa, 20 Juni
Nilitaka aje aniombe. Siku tatu, hakuja. Namsikia ng'ambo ya ukuta anashona tu. Asubuhi anakimbia, mchana anashona, kama hana shida na mtu.
Jioni nimekwenda mwenyewe na magongo. Nikaitupa namba juu ya kitambaa alichokuwa anakata. Akaisoma.
"Lakini ina jina lako, dada."
Nikamwambia kusoma najua.
Kataka kunirudishia ada, nikakataa. Akilipa itakuwa yake.

Jumapili, 22 Juni
Bajaji ilinishusha kilomita ya thelathini na tatu. Watu wa barabarani wanasoma kifuani na kuita. Nilisikia kabla sijaona. "Vero! Twende, Vero! Mama Vero usituangushe!" Moyo uliruka. Nikanyooka juu ya magongo, nusura niitike.
Halafu akatokea yeye. Anatembea. Mkono kiunoni, chumvi imemkaukia usoni.
Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilifurahi.
Aliponiona akasimama kabisa. "Dada, basi. Miguu imegoma."
Kilichonitoka mdomoni hakikuwa cha upendo.
"Umevaa jina langu halafu unatembea? Mbele za watu? Vua, nipe nikakimbie mwenyewe na magongo!"
Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi pembeni akaguna, "Makubwa!" Saumu akanitazama kwa hasira. Sijawahi kumwona na hasira. Akafuta pua kwa mkono wa jezi, akaondoka. Kwanza anachechemea. Mbele kidogo visigino vikarudi vile vile. Watu wakaendelea kuita jina langu mpaka akapotea, na hakuna aliyekuwa ananiangalia mie.
Saa nne na dakika kumi na mbili. Ndani yake kuna kutembea, kuna kusimama kugombezwa. Hesabu yangu kaishinda kwa dakika arobaini na mbili. Dakika moja kila kilomita.
Sijala.

Jumanne, 24 Juni
Matokeo yanazunguka kwenye magrupu ya simu. Jina langu, na la baba yangu. Wa tisa kati ya wanawake wa umri wangu. Wateja wawili wamenipa hongera. Nikasema asante. Mmoja kaniambia ndiyo maana biashara yangu imesimama imara, sichoki. Nikasema asante tena. Ilikuwa tamu. Saumu alikuwa nje anaanika sare za wanafunzi, kasikia. Kaendelea kuanika.

Alhamisi, 26 Juni
Biashara imepoa leo. Mchana kaja mwalimu mmoja kutafuta rangi ya ukuta. Kabla hata ya salamu, "Mama, hongera! Kumbe una mbio hivyo!"
Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta. Mguu hauonekani. Asante ilikuwa imeshafika mdomoni.
Nikauinua mguu, nikauweka juu ya ndoo ya rangi, P.O.P. na vumbi lake lote. Akautazama, akanitazama. Nikamwambia aliyekimbia ni Saumu, yuko fremu inayofuata, mlango wa bluu. Namba ilikuwa yangu, mbio zake. Hata kwa wenye umri wake angekuwa mbele huko. Nikaona niongeze na kwamba anashona vizuri, bei si kali.
Roho iliniuma kwa kila neno.
Mwalimu akachagua ndoo zake, akaziacha kwenye kaunta, akatoka. Nikasikia anabisha hodi pale pembeni. Kisha sauti ya Saumu, juu mno kama kawaida yake, "Nani kakwambia?"
Jibu sikulisikia. Nikamwandalia mwalimu risiti.