Umeme Ukirudi, Usiwashe

Mwisenge, Musoma

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mguu wako unaendeleaje? Mihogo imenusurika na mvua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Najua huko Kisorya mnanisubiri, kwa kuwa baba alimtuma kaka Magesa aje kunichukua. Anarudi peke yake, na nataka sababu uisikie kwangu kabla hajaanza kueleza kwa namna yake.

Mliyosikia ni kweli. Kompyuta yangu ya kuchapia barua za watu iliungua. Hapa mtaani umeme ukikatika tunanuna, ukirudi tunashangilia, na kila mtu anakimbilia kuwasha kitu chake. Nami nilikimbia. Umeme ulikuja na nguvu nyingi, moshi ukatoka nyuma ya mashine. Kilichokufa ni pawasaplai, kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha mashine. Wateja wakawa wanachungulia na kuondoka, nami nazunguka katika chumba hiki ninacholala na kufanyia kazi mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Kaka alimkuta fundi Masatu akifunga pawasaplai nyingine aliyoipata Mwanza. Umeme haukuwepo. Kaka akasema, "Funga sanduku, dada. Baba amesema." Nikaanza kukunja nguo huku nalia. Ndipo mtaa ukashangilia. Kaka, kwa nia njema, akaikimbilia plagi. Nikamshika mkono.

"Sasa umeme si umekuja?" kaka akashangaa. "Mnakaaga tu mnauangalia?"

"Uache utulie," fundi akamwambia. "Ukirudi unakujaga na hasira."

Tukakaa tukitazama balbu. Ikawaka kupita kiasi, ikafifia, ikawaka tena. Kwa jirani redio ikanyamaza katikati ya wimbo, harufu ya kuungua ikatufikia. Magesa akautia mfukoni ule mkono uliokuwa ukiikimbilia plagi. Balbu ilipotulia nikawasha stabilaiza, ile ya kutuliza umeme, kisha mashine. Feni ikazunguka. Mama, nilipiga magoti.

Sijui kama itadumu. Nikisikia radi nachomoa kila kitu, na hata kanisani masikio yangu yako ofisini. Usiku silali vizuri. Lakini sitaki kurudi. Wasiwasi huu ni wangu, na naupenda kuliko kukaa kwa baba nikingoja posa.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na mdogo wetu wa mwisho umwambie nimemkumbuka. Baba mwambie asimtume mtu mwingine. Akinitaka, aje mwenyewe, na aje mchana, anikute kazini.

Binti yako asiyetulia,
Nyanjura