Mtoto wa Nyuma ya Altare

Machi 2

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo, na mpwa wangu hajambo? Mimi mzima, ila mgongo unanisuta kwa kushinda juu ya ngazi. Ile picha ya ubao ya nyuma ya altare, Bikira Maria na Mtoto, inakaribia kwisha. Sasa usinigombeze: nimewachora nyinyi, kutoka ile picha uliyonitumia ukiwa umempakata. Padri alipoiona alitoa leso akajifanya ana mafua. Tangu nishike brashi sijawahi kuchora uso ukanitazama hivi.

Fremu anatengeneza mumeo. Najua hutaki hata kumsikia, lakini seremala wa parokia ni yeye. Usijali, picha naifunika shuka.

Kaka yako

Machi 9

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, kwa sasa. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Umechora na lile baka chini ya sikio? Nakujua, huwezi kuacha kitu. Mwanangu kalirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Nilikimbia kile kipigo nikiwa na mimba, na yule bwana hajui mpaka leo. Siku akijua ana mtoto, atakuja kumchukua, na mimi sitapona. Ili asinipate nilitupa hata simu.

Futa nyuso zote mbili. Nakupigia magoti.

Mdogo wako

Machi 14

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto mbusu kwa niaba yangu. Baka nimelipaka rangi juu, halionekani tena, kwa hiyo tulia. Nyuso nimeziacha. Umejifunga kitambaa kichwani, na nimekunenepesha kidogo, nani atakujua? Askofu anakuja kuizindua mwisho wa mwezi. Miaka yote nimechora mabango ya vinyozi na maduka ya mikate. Niachie hii moja tu.

Kaka yako

Machi 18

Kaka,

Shikamoo. Mimi silali. Unaniomba ruhusa ya jambo ulilokwisha kuamua. Yule mtu kaishi na uso huu miaka sita, utamficha kwa kitambaa? Nina hasira na wewe. Mtoto wako wa kwenye ubao hakuna atakayempiga. Wangu ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Futa!

Mdogo wako

Machi 23

Mdogo wangu mpendwa,

Mungu aijaalie barua hii iwakute wazima, na iwakute upesi. Yako ilifika jana. Nilibeba kopo la rangi nyeupe nikakimbia kanisani. Mumeo alikuwa keshaondoa shuka ili apime fremu. Futi iko mkononi, hapimi.

"Huyu mke wangu," akasema. "Na huyu mtoto?"

"Mtoto Yesu," nikamjibu.

Akasogea karibu. Chini ya sikio rangi ilikuwa bado mbichi, unajua rangi ya mafuta haikauki upesi. Akapitisha kidole gumba, baka likatokea. Akaniuliza kwa upole ulionitia baridi: "Wako wapi?" Nikamwambia sijui.

Alipoondoka nilipaka ubao wote mweupe. Nililia kama mtoto, na si kwa ajili ya picha. Nisamehe, ubishi wangu ndio umewafikisha hapa.

Atarudi, na safari hiyo hatauliza kwa upole. Mimi mwoga, unanijua. Chukua mtoto mhame leo, na usiniandikie mlikokwenda. Nilimwambia sijui. Nifanye nisijue.

Kaka yako