Dawa ya Ng'ombe Aliyokunywa Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daftari hili ni langu peke yangu, kwa hiyo sitaficha lolote, hata la aibu ya nyumbani. Tumemleta Baba hospitali, Mugumu. Tumbo linamuuma siku ya nne, choo kina damu, miguuni na masikioni ana madoa ya zambarau. Daktari Projestus akamuuliza anatumia dawa gani. Baba akasema hakuna.

Si kweli. Kila tukiwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo, Baba humalizia kwa kunywa kifuniko kimoja yeye mwenyewe. Babu naye alifanya hivyo. Tangu Juni, alipoanza kukonda, anakunywa kila wiki. Nilikuwa nimesimama pale pale kitandani. Nikanyamaza.

Jumatano, 10 Septemba

Utumbo umevimba. Daktari hajajua sababu — maumivu yasipopungua, kesho watampasua. Nikamnong'oneza Baba tumtajie daktari ile dawa. Akasema, wewe Agustina, unataka wodi nzima inicheke? Baba mdogo Waitara akadakia: ukisema, watamhamishia kwa bwana mifugo. Mama hakucheka.

Jioni nimerudi nyumbani Kisaka kuchukua chupa ya dawa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesema. Nilimsubiri daktari mlangoni, nikamwamkia, nikampa chupa. Akasoma lebo mara mbili. Hakunigombeza. Alieleza kwamba zipo dawa zinazoweza kuufanya mwili ushambulie mishipa yake wenyewe ya damu. Ikivimba ile ya utumbo, tumbo linauma na damu inatoka. Upasuaji umesimamishwa kwanza, Baba ameanzishiwa dawa ya kutuliza uvimbe.

Baba amegeukia ukutani, hasemi na mimi. Sawa. Hajapasuliwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nipo Kisaka na mifugo. Mama amepiga simu: Baba amekunywa uji, damu imekata. Atapona, nina hakika.

Mchana Baba mdogo alinifuata zizini. Leo hakuwa na utani. Akakunja suruali — madoa yale yale. Kumbe naye hunywa! "Kifuniko na nusu," alisema, "mimi nina mwili mkubwa kuliko baba yako. Usinitaje." Hospitali hataki kusikia.

Sikumtaja. Lakini nimeandika barua, nimempa dereva wa bodaboda aipeleke hospitali, na nimemwambia asirudi bila jibu:

Shikamoo daktari. Yupo mtu mzima mwingine aliyekunywa dawa ile ile. Ana madoa, tumbo bado haliumi. Je, nimlete leo hii, hata kama hataki?