Mwandishi Aliyempendeza Kaka

Jumatano, hospitali ya Longisa.

Kaka Kiprono amenishika leo, mimi ambaye hata chifu hajawahi kunishika kwa uongo.

Kile kitabu cha hadithi fupi za upelelezi, kila hadithi na mwandishi wake, nimemsomea wodini mpaka kikaisha. Kati ya wote alimpenda mama mmoja wa Mombasa ambaye hatukuwa tunamjua. “Nitafutie kitabu chake kizima,” akaniambia. Nimezunguka Bomet yote, hakuna.

Sikuweza kumwambia. Nikafungua kitabu cha ukulima nikajifanya nasoma cha yule mama: karani wa majani chai ameuawa, lori la kiwanda limekwama matopeni kwenye kilima, wakulima wanangoja na magunia.

Kaka akafungua macho. “Huyo mama wa Mombasa amejulia wapi kilima chetu?”

Nikafunika jalada kwa kiganja.

“Endelea tu, muongo wewe. Nani alimuua?”

Nikasema tutamalizia kesho. Ukweli ni kwamba muuaji simjui. Daktari ameshatuambia tusipange mambo ya mbali, na mimi, bingwa wa hadithi Bomet nzima, kichwa hakina kitu.

Naogopa kaka ataondoka kabla sijampata huyo muuaji.