Nyanda Kachagua Kamera Nzito

Shemeji Ngolo,

Maharage yako jikoni, ongeza maji. Asubuhi mumeo kapima kamera zetu mbili mkononi kama ananunua dume mnadani, kabeba yangu kwenda kupiga arusi ya Roza kule Chimala. "Nzito ndiyo kamera!" Nikataka kumwonyesha: ile ukishalenga, lazima ufunge pete ya lenzi kupunguza mwanga kabla hujabonyeza, la sivyo picha zinatoka nyeupe kama uji. Akanikatiza: "Wewe chuo kilikushinda, utanifundisha nini?"

Basi nikamvalisha mkanda wa kamera shingoni, akaondoka.

~~Nimekwenda Mbeya.~~ Nimemfuata Chimala na hii yake nyepesi. Roza atapata picha, zangu. Zile nyeupe za Nyanda, zote thelathini na sita, tunatundika sebuleni.

Kuku wafungie.

Shemeji yako aliyeshindwa chuo