Bunduki Uliyoiona Kwenye Picha

Mama yangu mpendwa,

Yoga noi. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti limeikubali dawa ya yule daktari wa Nambale. Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku tuko. Mke wangu Akisa na watoto wanakusalimu sana. Mimi mwenyewe siumwi, ila nimechoka, mama, na ni uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Amoit aliniambia wazi: "Mama akiona jina lako, anaigeuza simu kifudifudi mezani." Basi najua ni yeye anayekusomea haya. Amoit shemeji yangu, soma polepole, usiruke mahali, hata pale utakapoona pabaya.

Mama, ile picha ni ya kweli. Ile ni bunduki, na ni yangu. Picha inaonyesha kama ninacheka, lakini sikuwa nacheka. Baridi ilikuwa imenikaza meno, na Rodel, yule Mfilipino ninayefanya naye kazi, akabonyeza simu wakati huo huo. Akisa akaiweka kwenye status bila kufikiri, na kabla sijanywa chai ilikuwa imefika huko nyumbani Angurai. Ungepaswa kuisikia kwangu kwanza. Hapo una haki ya kukasirika.

Unajua kazi yangu ni kiwandani, kukata nguruwe. Mnyororo unaleta bega, nakata, linaenda, lingine limefika. Asubuhi vidole vinakataa kufunguka, navichovya kwenye maji ya moto ndipo niweze kushika kikombe. Naingia kukiwa giza, natoka kukiwa giza. Watu wa huku Kanada, majani yakianza kuanguka, wanaenda kuwinda kulungu kwa kibali cha serikali, na nyama hiyo inawapeleka hadi baridi iishe. Rodel akaniambia, "Twende, boss. Hata ukikosa nyama, utaona jua." Nilienda kwa sababu ya hilo jua. Sina sababu nyingine nzuri ya kukupa.

Haikuwa kitu cha siku moja. Nilisomea, nikafanya mtihani, wakanichunguza hadi wakamuuliza Akisa kama huwa nampiga. Ndipo nikaruhusiwa kununua, na nilinunua ile ya bei ya chini kabisa dukani, ya watu kama sisi. Si zile za kumimina risasi unazoona kwenye habari. Hii ina komeo kama la mlango: ukipiga moja inanyamaza, mpaka uinue komeo kwa mkono, ulivute nyuma, ulisukume mbele, ndipo ikubali nyingine. Kitako chake ni plastiki. Ukikigonga kinalia kama beseni.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, matundu yalitawanyika kwenye karatasi kama mahali kuku wamedonoa. Nililenga katikati, risasi ikaenda kushoto. Nikalenga vilevile, ikaenda juu. Rodel alicheka. Mimi niliiweka chini, na wewe unajua kwa nini.

Baba hakuwa anakimbia. Wale waliokuwa wanavusha magendo mtoni kule Malaba walikimbia, na waliokuwa wanawafukuza walipiga risasi, na mpaka leo hakuna aliyekubali ni nani alipiga ile. Baba alikuwa amechutama kando ya njia asubuhi ile, anarudisha mnyororo wa baiskeli. Risasi ilipita kwenye majani ya migomba ikamkuta yeye. Haikuwa imetumwa kwake. Nilikuja nikakuta bado mikono yake ina grisi, na wewe unaifuta kwa leso yako ukisema hawezi kwenda kwa Mungu akiwa mchafu.

Kwa hivyo nilipoona bunduki yangu mwenyewe inapeleka risasi mahali ambapo sikuituma, nilitaka kuirudisha dukani. Akisa akasema, "Irudishe ama uitengeneze. Lakini vile ilivyo, usiende nayo mahali watu wanaishi." Nikaamua kuitengeneza.

Kumbe ilikuwa mambo madogo. Skrubu zinazoshika darubini juu yake zilikuwa zimelegea tangu dukani. Halafu Rodel akachukua karatasi, akajaribu kuipitisha kati ya mtutu na ile plastiki ya chini. Ikakwama. "Ugonjwa uko hapa," akasema. Mtutu unaiegemea plastiki, ukipata moto ndiyo kabisa, na risasi zinaanza kutangatanga. Nikawa nakaa jikoni nikitoka kazini, napiga msasa ile plastiki na hivi vidole vibovu, mpaka karatasi ikapita bila kugusa popote. Nikajifunza kungoja mtutu upoe kabla ya kupiga tena. Nikajaribu risasi za aina tofauti, maana bunduki hizi rahisi zina tumbo la kuchagua: hii inaikubali, ile inaitema.

Matundu yakaanza kusogeleana. Lakini kila mara kulikuwa na moja linalotoroka, na sikuelewa. Basi Rodel akaniambia nimwachie yeye kuweka risasi, na bila kunijulisha akaweka ganda tupu, lisilo na baruti. Nikalenga, nikavuta. Haikulia. Lakini mtutu uliruka, na macho yangu nilikuwa nimeyafumba kama mtoto anayechomwa sindano.

Safari hii Rodel hakucheka. "Bunduki imepona," akasema. "Anayeogopa ni wewe. Unaogopa nini?"

Nikamweleza habari za baba. Ni mtu wa kwanza huku, nje ya nyumba yangu, kumweleza. Alienda kwenye gari, akaleta chai ya chupa tukanywa tukiwa tumesimama. Kisha akasema, "Basi turudie. Usiivute. Toa pumzi, ibonyeze polepole, na macho yabaki wazi hadi mwisho." Tulirudia Jumamosi nyingi, mama. Sasa matundu yangu nayafunika na kifuniko cha soda.

Msimu ulipofunguliwa tulitembea kwenye theluji hadi miguu ikafa ganzi. Kulungu dume akatokea juu ya kilima, akasimama ubavu, karibu kabisa. Nilikuwa naye kwenye darubini. Rodel akaninong'oneza, "Piga." Nikaangalia nyuma ya yule mnyama. Kulikuwa na anga tu. Ningemkosa, risasi ingevuka kilima na kwenda kuanguka nisikokujua. Nikaondoa kidole. Mnyama akaondoka.

"Una wazimu?" Rodel akaniuliza. "Upande ule kuna mashamba matupu!"

"Pengine," nikamwambia. "Lakini sioni."

Alitangulia hadi kwenye gari. Tulipopita upande ule tukaona kweli ni mashamba matupu, hapakuwa na mtu wala nyumba.

Jumamosi iliyofuata tulimpata mwingine chini bondeni, nyuma yake ukingo mrefu wa udongo. Nikatoa pumzi. Risasi moja, akaanguka palepale aliposimama. Rodel alipiga kelele za furaha. Mimi nilikaa chini kwenye theluji. Sikuwa na huzuni hasa, na furaha haikuwa yenyewe. Nilichojua ni kwamba ile risasi ilienda mahali nilipoituma, ikaishia hapo. Picha ilipigwa baada ya hapo.

Bunduki imefungwa kwenye kabati la chuma na ufunguo ninao mimi. Watoto hawajui ulipo. Sitakudanganya kwamba nitaiuza, mama, maana nyama ile imetupunguzia mengi, na kule porini ndiko mahali pekee ambapo mnyororo haunifuati. Lakini sitaki unikasirikie kimya kimya. Nikasirikie kwa sauti, nikusikie.

Nisalimie Emase ndugu yangu pale stendi ya boda, mwambie avae kofia ya pikipiki. Nisalimie shangazi Asere na meza yake ya omena sokoni, na mjomba anayebadilisha pesa Busia, na mwalimu wa katekisimu aliyemsomea baba sala. Na wewe Amoit, eyalama noi kwa kusoma hadi hapa.

Jumapili ukitoka kanisani nitapiga. Naomba upokee. Nigombeze mpaka uchoke, sitakujibu. Halafu kabla hujakata, niulize kama nimekula. Nitakuambia ndiyo, na safari hii itakuwa kweli.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila asubuhi,
Ekisa