Girilandi Juu ya Nyumba Yetu

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa jina la Bwana Yesu, wewe na mudogo wangu Jado, na wote munaogawana nao paa hapo Bweremana. Mugongo unaendeleaje? Jado amezoea uvuvi, ao baridi ya ziwa ingali inamushinda? Mimi mwili wangu uko salama. Moyo njo hauko.

Najua unashangaa kupata karatasi wakati watoto wa wengine wanapiga simu. Simu nimeizima, kadi yake nimeivunja. Niko Walikale kwa rafiki, na kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya nyumba inaniamusha kwenye kiti. Ukishamaliza kusoma, barua hii uitie mu moto.

Uliniomba niende kwetu Masisi nimuangalie Papa, maana tangu mulipokimbia vita, yeye akabaki na ngombe, hakuna aliyekuletea neno la kweli. Niliona nikienda mikono mitupu wenye bunduki wataniuliza nimefuata nini. Basi nilijaza mufuko girilandi za Noeli kutoka kibanda changu cha Mubi, zile taa ndogo za rangi zenye kuwaka na kuzimika, nikajifanya muchuuzi anayetoka Pinga.

Kwenye bariere, kizuizi cha njia chini ya kilima chetu, wenye bunduki walimwaga mufuko wote chini. Mumoja akasema komanda anamungojea muke wake kwa Noeli na anataka nyumba ipendeze. Wakaniuliza kama najua kufunga mataa. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Walinitangulia njiani, na kila kona tuliyokata niliomba Mungu tukate ingine. Hatukukata. Tuliingia mu lupango letu, ndani ya ua wa nyumba yetu. Komanda analala mu chumba chenu, Mama.

Sikuona ngombe hata mumoja. Papa sikumuona. Jikoni nilimukuta yule jirani yetu aliyekuzalisha ulipomuzaa Jado, sasa wanamupikisha. Aliniangalia, mwiko ukasimama mu sufuria, kisha akanisalimia kama muntu anavyosalimia mugeni, akaniita mama wa mataa. Nikaelewa kwamba nami nisimujue.

Komanda si muntu wa kelele. Anasema polepole, aliniita dada, akaniletea kiti kwa mukono wake. Hiyo iliniogopesha kuliko matusi. Nilipanda ngazi nikaanza kuzungusha girilandi kwenye ukingo wa mabati, misumari ikiniponyoka. Halafu nikakosea. Panneau, ile bamba ya kuvuta umeme wa jua niliyomutumia Papa, ingali juu ya nyumba, na nilipotafuta moto wa taa niliingia moja kwa moja mpaka nyuma ya mulango wa chumba, pale batri inapokaa, bila kumuuliza muntu. Nilipogeuka, komanda alikuwa amesimama mulangoni.

"Dada, nani alikuonyesha batri?"

"Nilifuata waya, komanda. Kazi yetu njo hiyo."

Akaangalia waya ukutani, kisha akaniangalia mimi. Akasema niko na macho mazuri. Hakucheka.

Alitaka na muti wa avoka upambwe, ule wa nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nauendea, jirani yetu alipaza sauti toka jikoni nisikanyage pale, udongo ungali laini. Mulinzi mumoja akacheka. Baadaye mama huyo akaniletea maji ya kunywa, akainama kama anayefunga kitambaa chake.

Mama, ita Jado akae karibu yako, kisha usome.

Aliniambia: "Papa yako njo analala hapo. Usilie. Wakikuona unalia, tumekwisha sisi wote."

Walimupiga risasi wakati wa kuvuna maharagi, kwa sababu alikataa kutoka mu nyumba. Jirani yetu na muchungaji wetu wa ngombe walimuosha, wakamuvalisha koti lake la Siku ya Mungu, wakasema Baba Yetu kwa sauti ya chini. Hakuzikwa kama mbwa. Hilo ulishike.

Nilikunywa maji. Nikarudisha kikombe, nikapanda muti, nikafunga taa juu ya kaburi la Papa. Sikujua kama muntu anaweza kufanya vile.

Giza lilipoanza kuingia, komanda akaamuru ziwake. Ziliwaka vizuri, walinzi wakapiga makofi. Hapo njo akataja jina la Papa, la ubatizo na la ukoo, akaniuliza kama nilimusikia, maana wamemuambia muzee huyo aliacha mutoto mwanamuke anayeuza vitu vya mataa upande wa Mubi. Miguu yangu ilikuwa juu ya ule udongo. Nilicheka, Mama. Nikasema mimi muntu wa Pinga, wale siwajui. Akarudia kuniuliza. Nikasema, "Simujui." Haya sikuweza kumuambia muntu mwengine, hata rafiki anayenilaza hapa.

Alichukua namba yangu ili aniite taa zikiharibika. Nililala jikoni na jirani yetu, tumeshikana mikono, na kulipokucha nikatoka kati ya wamama waliokuwa wanaenda soko. Nilipokuwa bado njiani akanipigia kunishukuru. Nilipofika hapa akapiga tena. Mara hiyo hakutaja taa. Aliniuliza Papa yangu anaitwa nani. Nikakata simu. Namufikiri yule mama niliyemuacha kwenye sufuria zake, sijui wanamuuliza nini.

Kwa hiyo, nakupigia magoti, usimutume muntu tena kuuliza habari za Papa. Muntu akikuuliza kwetu ni wapi, wewe na Jado mutaje kilima kingine. Mubi sirudi kwa sasa. Mama aliyekuletea barua hii hajui kilichomo. Mupe chakula, usimuulize kitu.

Muombee Papa misa, lakini umusihi padri asisome jina lake mbele ya watu. Aseme tu ni kwa marehemu wa Masisi. Mungu atajua ni nani.

Nisalimie Jado, umukumbatie kwa mikono yangu. Mulale mumefunga mulango. Nitakapopata njia nitakuja kulia pamoja nanyi.

Ni mimi, kifungua mimba wako. Jina langu siliandiki.